Mvua za vuli zinatuozeshea kapu la wateja, tufanyeje?

Bwana Shamba na Bibi Shamba, shikamooni.

Sisi ni kikundi cha watu watano, tunalima mboga kwenye eka moja bondeni huku Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Hatuuzi sokoni. Tuna kaya 28 za Chumbageni, Nguvumali na Raskazone zinazotulipa mwanzo wa mwezi, shilingi 40,000 kila kaya, na kila Jumamosi asubuhi tunawapelekea kapu la mboga mlangoni kwa baiskeli na bajaji.

Kiangazi tulikwenda vizuri. Tulilima kwa vijaruba, yaani vitalu vilivyozama kidogo, ili maji ya kumwagilia yasipotee. Tangu vuli ianze kila kitu kimeharibika. Mvua ikikatika, maji yanatuama siku mbili nzima, na mara moja kijito cha jirani kilifurika hadi kwenye vitalu vya chini. Sukuma wiki imekuwa ya njano. Nyanya zinanyauka zikiwa bado za kijani. Jirani alisema ni ukungu, tukanyunyiza dawa mara mbili, hakuna kilichobadilika. Zilizobaki zinapasuka kabla ya kuiva. Miche kitaluni inalala chini kama imekatwa na wembe.

Kinachotuumiza zaidi ni mchicha. Tunang'oa alfajiri ya Jumamosi, tunauosha kwa maji ya kisima chetu, tunafunga mafungu, tunajaza kwenye viroba. Ukitoka hapa ni mzuri. Ukifika kwa mteja saa nne, katikati ya kiroba ni moto, umekuwa mweusi na unateleza.

Wateja wawili wanadai pesa zao. Mwenzetu mmoja anashauri tununue mboga soko la Mgandini tujazie makapu, wateja wasijue. Tuanzie wapi?

Wenye Kapu, Pongwe

Jibu

Marahaba, wanetu, na poleni sana.

Sehemu kubwa ya mliyoyaeleza ina chanzo kimoja: maji hayana pa kutokea. Vijaruba vinafaa Januari na Februari, wakati kila ndoo ya maji inahesabiwa. Oktoba hadi Desemba vinageuka mabwawa. Maji ya mvua kwenye bustani ya Tanga yanatakiwa yafuate usemi wa mji wenyewe, waja leo waondoka leo. Mzizi unahitaji hewa. Udongo ukijaa maji hewa inatoka, ncha za mizizi zinaanza kufa, na mmea unaonekana una kiu huku umesimama majini.

Msihangaike kuyachota. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye eka moja ni zaidi ya lita 200,000, na hakuna kikundi kinachoweza kuyatoa hayo kwa ndoo. Yanatoka kwa mtaro tu.

Kwa wiki hii fanyeni kidogo lakini mahali sahihi. Tafuteni kona ya chini kabisa ya shamba. Msitegemee macho, chukueni mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ujazeni maji kama wafanyavyo mafundi ujenzi wanapopima usawa wa msingi, mlinganishe kona kwa kona. Mkishaijua, toboeni ukingo wa kila kijaruba upande unaoelekea huko, na mchimbe mtaro mkuu mmoja unaopokea maji yote. Sakafu ya mtaro mkuu iwe chini ya sakafu ya njia za matuta kwa sentimita 15 au zaidi, na ishuke sentimita moja kwa kila mita. Mkiinamisha sana, maji yatabeba udongo. Mkiilaza sana, yatasimama na matope yataziba. Pale yanapotokea pandeni majani ya tembo au vetiva ili ukingo usimomonyoke, na kabla hamjatoboa zungumzeni na jirani wa chini pamoja na serikali ya mtaa. Maji yenu yakimwagikia kwenye mpunga wake bila yeye kujua, hiyo ni kesi.

Upande wa juu wa shamba wekeni mtaro mwingine, wa kukinga maji yanayotoka barabarani au kwa majirani kabla hayajaingia. Mara nyingi sehemu ya maji yanayotuama bondeni hayakunyesha bondeni.

Matuta yenyewe yasubiri udongo ukauke kiasi. Chukueni konzi ya udongo kutoka kina cha sentimita 10, uufinye, kisha uusukume kwa kidole gumba. Ukivunjika vipande, limeni. Ukibaki donge linalong'aa, wekeni jembe chini, kwa sababu mfinyanzi ukilimwa mbichi unageuka madongoa ambayo hayavunjiki hadi masika. Kwa sababu hiyohiyo mtu asikanyage tuta lililolowa. Pitieni njiani, au lazeni ubao.

Ukikauka, pimeni tuta upana wa mita moja na njia ya sentimita 45. Chimbeni njia kwa kina cha sentimita 15 na udongo wake mpandishe tutani. Udongo huo utaliinua tuta kwa karibu sentimita 7, kwa hiyo mzizi utakuwa sentimita 22 hivi juu ya sakafu ya njia. Hicho ni kimo kinachotosha mboga karibu zote. Ongezeni pia mboji au samadi iliyooza, kilo 2 kwa kila mita ya mraba. Shamba lenu ni tambarare, kwa hiyo matuta yaelekee kule maji yanakokwenda. Wenzenu wa milimani Amani tungewaambia kinyume chake. Funikeni kwa nyasi kavu unene wa sentimita 5, zikae mbali kidogo na shina. Matone ya mvua yasiporusha tope kwenye majani, kazi ya kuosha inapungua na magonjwa mengi yanakosa njia ya kupanda.

Kuhusu kile kijito kilichofurika, hapo hatuna ushauri wa katikati. Maji ya mafuriko yanapita kwenye vyoo na mazizi. Mboga ya majani iliyofunikwa nayo isiingie kapuni, hata mkiiosha mara tatu. Vilevile tango, hoho na giligilani vilivyoguswa. Hili ni tofauti na maji safi ya mvua yaliyotuama njiani, ambayo yanaharibu mzizi lakini hayabebi uchafu wa namna hiyo.

Sasa nyanya. Kabla ya kununua dawa ya tatu, kateni shina la mmea unaonyauka, karibu na ardhi, kipande cha sentimita 10. Kining'inizeni kwenye glasi ya maji safi, ncha ya chini izame bila kugusa kitako cha glasi. Mkiona ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria. Kwa maelezo yenu, mmea kunyauka ukiwa wa kijani bila mabaka, kwenye udongo uliolowa na joto la pwani, sisi tunaushuku huo kuliko ukungu. Bakajani chelewa, ule ukungu unaowatesa wakulima wa Lushoto, unapenda baridi. Huku chini mnapata zaidi bakajani tangulizi, na huo unajitambulisha kwa mabaka ya kahawia yenye duara ndani ya duara, ukianzia majani ya chini.

Mnyauko bakteria hauna dawa ya kunyunyiza. Dawa za ukungu kama mankozebu haziugusi. Ng'oeni mmea pamoja na udongo wa mizizini, mtie kwenye mfuko papo hapo, mkauteketeze au kuufukia mbali na shamba. Usiingie kwenye mboji wala mtaroni, maana ugonjwa huu unasafiri na maji ya mvua kutoka tuta hadi tuta. Unasafiri pia na jembe, kwa hiyo tuta lenye ugonjwa lihudumiwe mwisho wa siku na zana zioshwe. Kwa miaka mitatu au zaidi pale msipande nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo, wote ni ukoo mmoja. Mahindi yanafaa. Msimu ujao, kama bado mnataka nyanya za vuli, jaribuni kubebesha mche wa nyanya juu ya shina la bilinganya. Bilinganya aina ya EG203 inajulikana kwa kuvumilia maji na mnyauko. Mtu yeyote aliyezoea kubebesha michungwa Muheza atajifunza haraka, ila miche ni midogo na inahitaji wembe safi na kivuli chenye unyevu hadi ishike.

Nyanya kupasuka ni jambo jingine. Udongo uliokuwa mkavu ukipata maji mengi kwa ghafla, nyama ya tunda inavimba haraka kuliko ngozi yake. Chumeni mapema, pale kitako kinapoanza kugeuka rangi, mkaziivishe ndani kivulini kwa siku tatu hadi tano. Zipangeni kwenye kreti, tabaka mbili tu. Tope lifuteni kwa kitambaa kikavu.

Mkilazimika kunyunyiza dawa yoyote, hesabuni siku. Someni kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na mhakikishe dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Kapu lenu ni la kila wiki, kwa hiyo dawa ya siku 7 iliyonyunyizwa Jumatatu haiwaruhusu kuvuna Ijumaa. Nafasi mliyonayo ni jioni ya siku ya mavuno, mkishamaliza kuvuna. Dawa ya siku 14 ina maana zao hilo linakosa kapu moja zima. Tunalisisitiza hili kwa sababu wateja wenu wamewalipa kabla ya kuona mboga.

Sukuma wiki iangalieni jani kwa jani. Kama majani ya chini yamekuwa ya njano yote sawasawa, naitrojeni imesombwa na mvua au mizizi haina hewa. Subirini maji yatoke, kisha wekeni mbolea ya CAN kijiko kimoja cha chai kwa kila mmea, sentimita 10 kutoka shinani, mfukie. Mkiiweka kwenye udongo uliojaa maji itaondoka na mvua inayofuata. Lakini kama unjano unaanzia ukingoni mwa jani na kuingia ndani kwa umbo la V, na mishipa ni myeusi, ni uozo mweusi. Huo ng'oeni, na msichume sukuma wiki ikiwa imelowa kwa sababu mikono yenu ndiyo itakayousambaza. Mkitaka kujua udongo wenu una nini hasa, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI Mlingano, kipo wilayani Muheza, si mbali nanyi.

Miche inayolala ni kinyausi. Chanzo ni mbegu kubanana, maji mengi na udongo uliotumika tena na tena. Inueni kitalu sentimita 20, sieni kwa mistari iliyoachana sentimita 10, tumieni udongo mpya usiowahi kupandwa mboga uliochanganywa na mchanga, na mwagilieni asubuhi tu. Juu jengeni paa la nailoni angavu kwa milingoti ya mkonge, kimo cha mita moja, pande zote wazi. Mche ulioanguka hauinuki, utoeni na wa jirani yake.

Tuje kwenye mchicha, maana hapa ndipo mnapopoteza imani ya wateja, na hapa kosa haliko shambani.

Jani lililochumwa bado linapumua na linatoa joto. Likiwa peke yake joto linaondoka. Mkilibana na mengine mia ndani ya kiroba, joto linabaki katikati. Ongezeni maji juu ya jani na majeraha ya mizizi iliyong'olewa, mmewapa bakteria wa kuozesha kila wanachohitaji. Kiangazi kunyunyizia mafungu maji kunasaidia kwa sababu maji yanakauka na kupoza. Vuli hewa imejaa unyevu, maji hayakauki, na desturi ileile inaangamiza mzigo.

Acheni kung'oa. Kateni kwa kisu kikali na safi, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini. Tope linabaki shambani na shina linachipua tena. Msivune alfajiri ya Jumamosi. Vuneni Ijumaa jioni, au saa yoyote ya Ijumaa ambayo majani yamekauka, ili usiku mzima uwe wa kupoza. Mboga iliyokatwa ikimbizwe kivulini mara moja.

Jengeni kichanja chini ya banda la makuti: wavu wa waya au fito, kimo cha kiunoni, upepo upite juu na chini. Tandazeni majani yasizidi unene wa kiganja, myageuze mara moja, hadi maji ya juu yaishe. Jani liwe kavu likishikwa lakini bado linasimama. Kama mvua haikukatika siku nzima, tieni majani kwenye mifuko ya wavu ya vitunguu, watu wawili mshike ncha mbili na kuupeperusha mara kadhaa. Maji mengi yatarushwa nje. Msitumie chandarua cha mbu kwa kazi hii, hata kilichochakaa. Vingi vina dawa.

Mboga isiyo na tope isioshwe kabisa, mwambieni mteja ataosha mwenyewe. Yenye tope ioshwe kwa maji mawili. Kisima cha bondeni wakati wa mvua kinapokea maji ya juu ya ardhi, kwa hiyo mkiosha nayo bila kuyatibu mnapaka vijidudu kila fungu. Maji ya kwanza yaondoe tope. Ya pili, yaliyotulia na kuchujwa, tieni blichi ya kawaida isiyo na manukato, ile ya klorini asilimia 3.5, mililita 30 kwa ndoo ya lita 20. Zamisheni kwa dakika moja hadi mbili, suuzeni kwa maji ya kunywa, kisha kichanjani. Maji yakishakuwa na rangi mwageni, kwa sababu tope linaimaliza klorini. Bamia msiioshe hata kidogo. Viazi vitamu navyo vipelekwe na vumbi lake, vikiwa vimekaa kivulini siku nne hadi saba ili michubuko ipone.

Fungu liwe la gramu 300, limefungwa kwa katani bila kubana. Viroba viachieni mahindi. Tumieni kreti zenye matundu au matenga mapana, mafungu yasimame, tabaka zisizidi mbili, gunia kavu chini. Turubai la kukinga mvua liegemee fito, lisilalie mboga. Na gawanyeni njia: anayepeleka Raskazone aanze safari kwanza, ndiye mwenye mwendo mrefu.

Kapu lenyewe pia lifuate msimu. Nyanya na hoho ni za kiangazi chenu. Vuli ya pwani ni ya matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, mnafu, bamia, kisamvu na mchicha wenyewe. Matembele yanapandwa kwa vipande vya sentimita 30 na yanavumilia mvua kuliko yote. Kunde mnaanza kuchuma majani katika wiki ya tatu au ya nne. Kwa mchicha, kaya 28 zikipata mafungu mawili ni karibu kilo 17 kwa wiki. Wakati wa mvua hesabuni kilo moja tu kwa mita ya mraba, muongeze theluthi ya kupotea: tuta la mita moja kwa mita 25, lisiwe moja kubwa la mwezi mzima, bali jipya kila wiki. Mvua ikiua moja, yapo mengine nyuma yake.

Ushauri wa mwenzenu kuhusu Mgandini hatuukubali. Kununua si dhambi, kuficha ndiko kubaya. Hamjui mboga ile ilinyunyiziwa lini, na mteja wenu amelipa kabla kwa sababu anajua inakotoka. Mkinunua, wekeni kikaratasi: "Nyanya za leo ni za Mgandini, si za shamba letu." Anayekataa apewe kingine chenye thamani hiyohiyo.

Wateja waambiwe Alhamisi, si Jumamosi mlangoni. Ujumbe mfupi unatosha: "Ndugu mteja, mvua ya wiki hii imeua nyanya. Kapu lako litakuwa na matembele mafungu 2, kunde fungu 1, mchicha mafungu 2, bamia nusu kilo na nyanya chungu nusu kilo. Lina upungufu wa shilingi 2,000, tumeuandika kwenye hesabu yako." Na muwe na daftari la hesabu hiyo kweli. Kabla ya kupokea malipo ya mwezi mwingine, andikeni makubaliano: hasara ya mvua kiasi gani ni ya mteja, na kuanzia wapi ni ya kikundi. Tungependekeza upungufu usiozidi robo ya thamani ya kapu wateja wauvumilie, ukizidi hapo kikundi kilipe au kifidie wiki zijazo.

Makubaliano hayo hayawahusu wale wawili wanaodai sasa, kwa sababu hayakuwepo walipolipa. Kila kapu ni shilingi 10,000. Kapu lililofika limeoza lote, rudisheni 10,000; lililooza nusu, 5,000; na kama wameamua kuondoka, warudishieni pia makapu ya mwezi huu ambayo hawajapokea. Mwende wawili, na pesa mkononi, kabla ya Jumamosi inayokuja.